Mikono Ishirini na Saba

Wahariri wa jarida hili wameniandama tangu muhula wa kwanza. Kila nikitoka chumba cha walimu nawakuta mlangoni: "Mwalimu, tuandikie ile hadithi ya Sudan." Haya basi. Ila nawaonya mapema kwamba si hadithi ya kunipamba.

Mwaka wa 2008 nilikuwa barobaro wa miaka 26, cheti cha ualimu mkononi, Biblia kwapani, na moyo ukiwaka kama tanuri. Ushirika wetu ulikuwa umechanga fedha za kumtuma mmishonari mmoja kusini mwa Sudan, nami nikachaguliwa. Wakati huo ilikuwa bado nchi moja. Sudan Kusini ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini papa hapa Nairobi mnamo Januari 2005, vita vya zaidi ya miaka 20 vikakoma, na watu walikuwa wakirejea makwao kwa maelfu. Wengi walitaka kujifunza Kiingereza. Sisi tukasema, vyema, tutawapa Kiingereza, na ndani yake tutawatilia Injili, kama mama anavyomfichia mtoto dawa kwenye uji. Niliona ni hekima kubwa sana.

Nilisafiri kwa ndege hadi Juba, kisha nikadandia lori la kwenda Bor, mji ulio kando ya Naili Nyeupe, yapata kilomita 200 kaskazini. Jamani, safari ile! Zilitula siku mbili. Lori likizama kwenye matope meusi, sote tunashuka, tunasukuma, tunapanda, na kabla hujakaa vizuri limezama tena. Nilifika nimepakwa tope kutoka utosini hadi unyayoni, mbu wakanilaki kwa shangwe.

Darasa langu lilikuwa chini ya mwarubaini. Wanafunzi walikuwa 27, karibu wote watu wazima, wengine umri wa mama yangu. Mkalimani wangu alikuwa kijana Mdinka aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kiswahili kinamtoka kama maji. Mimi nasema Kiswahili, yeye anakigeuza Kidinka. Wanachama wa Chama cha Kiswahili, pigeni makofi: huko Bor, Kiingereza kilifundishwa kwa Kiswahili!

Sasa, lugha ya Kidinka haina sauti ya s wala ya f. Shule wao huiita thukul. Siku moja nikamwinua samaki juu nikatamka neno lake la Kiingereza, fish. Darasa zima likaitikia, "Pith!" Nikarudia, nikakaza meno, nikarudia tena. "Pith!" Nilikuwa karibu kukasirika mkalimani aliponinong'oneza, "Mwalimu, lakini hata wewe unasema 'fis'. Walimu wetu wa Kakuma hawakusema hivyo." Loo! Mimi ni mtoto wa Siaya, na Kijaluo hakina sh. Nilikuwa nimevuka mpaka kwenda kuwanyoosha watu ndimi na wangu umepinda tangu utotoni. Nikajitia hamnazo. Ila siku hiyohiyo tuligundua kwamba samaki kwao ni rec na kwetu ni rech. Maji kwao ni piu na kwetu ni pi. Tukacheka mpaka somo likaisha. Wale wa somo la historia wanajua ni kwa nini.

Kila Ijumaa, baada ya kipindi, nilisoma kifungu cha Injili ya Marko kwa Kiingereza chepesi. Jumapili niliwaona wanafunzi wangu kanisani, naam, lakini sisi tulikuwa tumefunzwa kwamba kwenda kanisani si kuokoka. Basi Ijumaa moja nikafunga kitabu, nikauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Nani kati yenu anamtaka Yesu? Ainue mkono." Mikono yote 27 ikapanda juu. Hakuna aliyesita. Machozi yalinitoka. Usiku huo, kwa mwanga wa tochi, nikaandika barua nyumbani: watu 27 wameokoka kwa siku moja.

Barua ikasomwa mbele ya ushirika. Nilisikia kwamba watu walisimama wakaimba, harambee ikafanywa hapohapo. Nikaongezewa posho. Nikanunuliwa na baiskeli.

Katika darasa lile kulikuwa na mama mmoja mjane, mrefu kama mlingoti, ambaye hakuachana na msalaba wake wa mti. Alitembea nao kama fimbo. Siku moja alibaki nyuma, akatoa chupa ya dawa kwenye kitambaa. Ilikuwa ya mjukuu wake. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, naye kwa siku nne alikuwa amempa mtoto kijiko kimoja kila asubuhi. Nikamsomea: vijiko viwili, mara tatu kwa siku. Uso wake ukabadilika. Mimi, kwa kutaka kumfariji, nikasema, "Usijali, mama. Tangu uokoke Ijumaa ile, Mungu anakusikia."

Mkalimani akanyamaza. "Mwalimu, kweli nimwambie hivyo?"

"Mwambie tu."

Akamwambia. Mama alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alisema alibatizwa 1992, akiwa mkimbizi, baada ya vita kuiteketeza Bor mwaka wa 1991. Aliyembatiza alikuwa Mdinka mwenzake. Wamishonari wa kigeni walikuwa wamefukuzwa na serikali ya Sudan tangu 1964, kwa hiyo walisomeana Neno wenyewe chini ya miti na kutunga nyimbo zao wenyewe.

"Uliuliza nani anamtaka Yesu," akasema. "Ningeuacha mkono chini? Mungu tunaye, mwanangu. Kiingereza ndicho hatuna."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Baadaye nilipelekwa Malek, kusini kidogo mwa Bor, ambako wamishonari Waanglikana kutoka Uingereza walifika 1906. Mmoja wao, Archibald Shaw, alifanya kazi nchini humo zaidi ya miaka 30, na waumini aliopata miaka ile walikuwa wachache. Kanisa lilikuja kufurika wakati wa vita, wageni hawapo. Na mimi nilikuwa nimewahesabu watu wale kama samaki wa wavu wangu.

Je, niliandika barua ya pili mara moja? La. Acha niseme ukweli. Nilikaa wiki sita nikiendesha baiskeli ile na kula posho ile. Kila nikishika kalamu, naona nyuso za wazee wa ushirika. Lakini kila mama yule akiketi mbele yangu na msalaba wake magotini, nashindwa kumtazama. Mwishowe nikaandika yote kama yalivyokuwa. Jibu lilikuja na swali moja: nimerudi nyuma kiimani? Posho ikapunguzwa mpaka ikabaki ya chumvi na sabuni.

Nilikaa hivyo hivyo hadi Desemba 2009. Niliacha mashairi na hadithi za vitabuni, nikafundisha maandishi ya chupa za dawa, kadi za chakula, fomu za hospitali. Ijumaa bado tulisoma Marko, ila sasa wao walifungua Biblia zao za Kidinka, wakanieleza mimi. Samaki nilikula mpaka nikamchoka.

Mnamo Desemba 2013 vita vilizuka tena. Mji wa Bor ukatekwa, ukakombolewa, ukatekwa tena, na maelfu ya watu wakavuka mto kwa mitumbwi kukimbilia Awerial. Kwa miezi mitatu nilipiga simu zisizoita. Kisha jioni moja, nikisahihisha insha hapa hapa shuleni, simu ikalia. Alikuwa mkalimani. Yu hai, na mama yu hai, wako ng'ambo ya mto. Mjukuu naye yuko nao. Bila hata kuniuliza akampa mama simu.

Nikasikia upepo, kisha sauti ile: "Ticha! Fis!"

Nikamwomba mkalimani aniambie kama nimesikia sawa.

"Ndiyo, mwalimu, anasema leo wamepata samaki. Nimejaribu kumsahihisha, amekataa kabisa. Anasema ndivyo alivyofundishwa."