Mguu wa Nyangumi: Fayoum, Kizimkazi, Turkana

Wadi Al-Hitan, Fayoum, Misri

Kutoka Kairo ni kama kilomita 150 kuelekea kusini-magharibi. Ukishayapita maziwa ya Wadi El Rayan, kilichobaki ni mchanga na majabali yaliyochongwa na upepo. Nilidhani nitaonyeshwa mifupa ya nyangumi kabatini, nyuma ya vioo. Makumbusho yapo kweli, tena mazuri, lakini huko bondeni mifupa imeachwa palepale ilipolala: uti wa mgongo umenyooka mchangani, pingili baada ya pingili, na mgeni anaoneshwa njia ya kupita ili asiikanyage.

Jangwa hili lilikuwa bahari, miaka kati ya milioni 37 na 40 iliyopita. Mtu wa pwani hahitaji kushawishiwa sana, kwa sababu karibu na mifupa hiyo kuna mizizi ya mikoko iliyogeuka mawe. Mimi mizizi ile ndiyo iliyonikamata zaidi. Mnyama mkubwa aliyekufa anaweza kuchukuliwa na mkondo hadi mbali. Mkoko uliota hapohapo.

Mkubwa wa bonde anaitwa Basilosaurus isis, urefu wake hufika mita 18. Jamaa yake wa Marekani alipopewa jina mwaka 1834, mtaalamu Richard Harlan alimhesabu kuwa mtambaazi. Richard Owen wa Uingereza ndiye aliyeyakagua meno, akaona yale ya nyuma yana mizizi miwiliwili, akamrudisha kwa mamalia. Lakini kilichowaleta wengi hapa ni kitu kidogo zaidi. Mwaka 1990 Philip Gingerich, Holly Smith na Elwyn Simons walitangaza kwamba wameipata miguu ya nyuma ya nyangumi huyu. Ni miguu hasa: kuna paja, pia ya goti, kifundo, na vidole vitatu. Kwa mwili wa mita 18, miguu ile inachekesha. Isingeweza kumsimamisha hata dakika moja. Gingerich na wenzake walifikiri huenda ilimsaidia wakati wa kujamiiana.

Nilichungulia na fuvu. Tundu za pua hazipo nchani mwa mdomo kama za mbuzi, wala hazijafika utosini. Zipo katikati ya safari. Pakicetus wa Pakistani, aliyekuwapo miaka kama milioni 50 iliyopita, alikuwa na miguu minne ya kutembelea, na pua yake bado ilikuwa mbele.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ukoo. Waliotazama meno walisema nyangumi ametokana na wanyama wa kale walao nyama. Waliopima vinasaba walisema hapana, ndugu yake wa karibu aliye hai ni kiboko. Mwaka 2001 vifundo vya miguu vya nyangumi wa kale vilivyochimbwa Pakistani vilielezwa na wataalamu. Kuna mfupa mmoja pale wenye mfuo juu na chini, kama roda ya jahazi, na mfupa wa namna hiyo unao mbuzi, ng'ombe, nguruwe, ngamia na kiboko. Mchinjaji yeyote wa Fayoum angeutambua. Waliopima vinasaba walishinda.

Kizimkazi, Unguja

Huku hakuna mifupa ya kutazama, kuna pomboo wenyewe. Nahodha alizima mashine, akasema, "Tulia hapo mwanangu, huyo lazima apumue." Pomboo akaibuka pembeni mwa boti, akatoa pumzi kwa kishindo kupitia tundu moja juu ya kichwa. Pua imeshafika utosini.

Usimwangalie uso, mwangalie mkia. Papa na changu huupeleka kushoto na kulia. Pomboo huupiga juu na chini, mgongo ukijikunja na kukunjuka, na huo ndio mgongo wa mnyama anayetimka nchi kavu. Tumezoea kusema kwamba bahari ilimbadilisha akawa kama samaki. Kwa umbo, sawa. Kwa mwendo, sioni.

Miguu ya nyuma nayo haijatoweka yote. Ndani ya nyama, upande wa nyonga, vimebaki vijifupa viwili visivyoshikana na uti wa mgongo. Kiinitete cha pomboo huota vichipukizi vya miguu ya nyuma katika majuma ya mwanzo, kisha hufifia. Mwaka 2006, huko Taiji, Japani, alivuliwa pomboo mwenye mapezi mawili ya ziada pale ambapo miguu ingekuwa.

Jambo moja la kulinganisha lilinikera. Misri, mwili uliokufa karibu miaka milioni 40 iliyopita umetengewa njia na walinzi, na tangu 2005 ni urithi wa dunia. Kizimkazi, mzazi aliye na mtoto ubavuni huzungukwa na boti, na wageni hurushwa majini mbele yake. Nahodha wangu alikataa kuwafukuza pomboo. Wenzake walifika, wakawafukuza.

Loperot, Turkana

Huyu wa tatu si babu wa mtu. Ni nyangumi kamili aliyepotea njia. Ni wa kundi la nyangumi wenye mdomo mrefu, ambao makazi yao ni kilindini. Alikufa miaka milioni 17 iliyopita mahali ambapo leo ni kilomita 740 kutoka Bahari ya Hindi. James Mead aliupata mfupa wake mwaka 1964, ukapelekwa Marekani, na kwa miaka mingi haukujulikana uliko hadi ulipoonekana tena mwaka 2011.

Alifikaje huko? Kwa mto, na mto wenye maporomoko asingeupanda. Basi watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2015 wakaugeuza mfupa ule kuwa kipimo: siku alipokwama, ardhi ile haikuzidi mita 24 hadi 37 juu ya bahari. Leo iko kwenye mita 620. Maana yake ni kwamba kuinuka kwa nyanda za Afrika Mashariki, ambako wengi hukuhusisha na kukauka kwa misitu na kutanuka kwa mbuga, kwa sehemu ile kulikuja baada ya nyangumi.