Kumfuata Mume na Mtoto Mkononi

Mwanamke aliyeachwa akabaki na mtoto, kisha akajaaliwa kuolewa na mtu ambaye maskani yake yako ng'ambo, hana budi kusafiri safari mbili, nayo ya kwanza haimpeleki Ulaya bali humrudisha kwa yule aliyeachana naye. Mimi niliolewa Unguja na mtu wa kwetu aliyekaa miaka mingi Hamburg, mji wa bandari ulio kaskazini ya Ujerumani, akifanya kazi ya kupakia na kupakua makontena. Alikuja likizo, ndoa ikafungwa, walima ukaliwa, naye akarejea kazini akiniacha nitayarishe hati zangu na za binti yangu wa miaka tisa, niliyezaa na mume wa kwanza. Jamaa wengi walinishauri nimwache mtoto kwa mama yangu mpaka nitakapotulia, na ushauri ule, ijapokuwa ulitolewa kwa mapenzi, sikuukubali, kwani nimewaona watoto wa visiwani petu walioachwa kwa ahadi ya namna hiyo wakabaleghe na kuolewa kabla ya siku iliyoahidiwa kufika.

Walakini kukataa kumwacha hakukunipa haki ya kumchukua. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na walio wengi Unguja na Pemba, mama ndiye wa kwanza katika hadhana, yaani ulezi, ya mtoto mdogo, lakini haki hiyo humtoka akiolewa na mwanamume asiyekuwa jamaa wa mtoto, isipokuwa baba mwenyewe aridhie. Sheria ya Ujerumani nayo, kwa njia yake, ilitaka jambo lilo hilo: mtoto asiyetimiza miaka 16 aweza kumfuata mzazi wake, lakini baba akiwa yu hai na ana haki juu yake, ridhaa yake hutakiwa kwa maandishi. Basi sheria mbili, moja iliyoandikwa na mafakihi karne nyingi nyuma na nyingine iliyopitishwa na wabunge wa Berlin, zilinielekeza mahali pamoja, napo ni Wete, Pemba, alikokaa baba wa mtoto.

Tuliondoka bandari ya Malindi asubuhi, mimi na mwanangu, na boti ilipoipita ncha ya Nungwi na kuingia mkondoni, abiria waliokuwa wakizungumza kwa sauti walinyamaza, wengine wakainua mikono kuomba dua, kwa maana hakuna mtu wa Pemba asiyejua kwamba katika bahari ile ndimo ilimozama meli ya Spice Islander mwezi wa Septemba 2011, ikiwa imejaza watu kupita kiasi chake. Tuliposhuka Mkoani tulipanda gari ya Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu, na kandokando ya barabara majamvi yalikuwa yametandikwa, karafuu nyingine zingali za kijani zenye wekundu, nyingine zimekwisha kukauka na kuingia rangi ya hudhurungi, na harufu yake iliingia madirishani ikatufuata mpaka Chake na kuipita Chake.

Baba wa mtoto tulimkuta barazani kwake pamoja na mama yake, mbele yao lundo la karafuu za siku ile, wakichambua. Atakaye kujua kazi ile na atazame mikono ya mtu mzima wa Pemba: kishada hushikwa kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono wa pili kikazing'oa karafuu kwa mpigo, na makonyo yakatupwa upande wake, kwa kuwa hayo nayo yana thamani, hupelekwa Wawi yakakamuliwa mafuta. Tulipokwisha kuamkiana tuliketi jamvini tukaanza kuchambua nao, na hapana aliyenihimiza niseme nililolijia, maana walikuwa wamekwisha kulijua.

"Mwanamke kumfuata mumewe si ajabu, mwanangu," alisema bibi yake mtoto, macho yake yakiwa juu ya karafuu. "La ajabu ni mjukuu wangu kumfuata mume wa mamake."

"Ni kweli, mama," nikamjibu, "na ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu wala barua."

Ndipo baba mtu aliponiuliza maswali yake, na ninayaandika kama yalivyokuwa kwa sababu sikupata kuulizwa mengine yenye uzito kama yale katika afisi yoyote. Aliuliza, huko nani atamsomesha Kurani? Nikamwambia, mwanzo mimi, na baadaye mwalimu atakayepatikana. Akauliza, akiugua usiku, utamweleza daktari kwa lugha gani? Nikamwambia kwamba nimo mbioni kujifunza, na kwamba sheria yenyewe yanilazimisha. Akauliza, huyo bwana akimkemea, mtoto atamkimbilia nani? Hili sikulijibu kwa maneno yangu. Nilimpigia simu mume wangu, nikampa baba mtoto simu mkononi, naye akainuka akaenda uani, wakazungumza kwa muda mrefu, nami nikawa nasikia tu, "Naam, ndugu yangu," na "Inshallah," na tena, "Naam." Waliyoafikiana hawajaniambia hata leo, wala mimi sikuwauliza, kwani niliona ni amana baina ya wanaume wawili juu ya mtoto mmoja, na amana ile ilinipa utulivu kuliko karatasi yoyote.

Aliporudi alisema atatia sahihi kwa masharti: mtoto asikatizwe chuo cha Kurani, na kila mwaka katika likizo ndefu arudishwe Pemba. Tena akataka twende kwa kadhi, ili lisiwe jambo la kuwaridhisha Wazungu peke yao.

Kadhi alitusikiliza sote wawili, akasoma barua ya ridhaa, kisha akatuomba tutoke tukakae nje, akabaki na mtoto na karani wake. Mtoto aliyefikia umri wa tamyizi, yaani wa kupambanua mambo, nao hukadiriwa kuwa miaka saba, hupewa khiyari baina ya wazazi wake, na kadhi yule aliitimiza sheria kwa dhati yake. Binti yangu alinisimulia baadaye kwamba aliulizwa anapenda kukaa na nani, akasema na mama, akaulizwa kama kuna mtu aliyemfundisha kusema hivyo, akasema hapana, kisha yeye naye akauliza, "Nikifika huko nisipopapenda, naweza kurudi kwa baba?" Kadhi alituita ndani, akatukariria swali la mtoto mbele yetu, na akatuambia kwamba katika madhehebu yetu khiyari haifungwi kwa jibu la siku moja: mtoto akimchagua mmoja, kisha baadaye akamtaka mwingine, husikilizwa. Maneno hayo niliyachukua kama sharti juu yangu, ijapokuwa hayakuandikwa popote katika hati.

Yaliyofuata Dar es Salaam nitayapitia kwa haraka. Ujerumani, tangu mwaka 2007, humtaka mke au mume anayemfuata mwenzake apate cheti cha lugha cha daraja la A1 kabla ya kupewa viza, nami nilikaa darasani pamoja na wake wengine, na waume pia, waliokuwa na hamu ile ile, tukijifunza kujitambulisha, kuuliza njia na kuandika barua fupi. Mtoto hadaiwi cheti, lakini wangu alikuwa akinishikia kitabu jioni na kuniuliza maneno, na aghalabu yeye aliyashika kabla yangu. Kisha zikaja tafsiri za hati, cheti cha kuzaliwa, cha talaka, cha ndoa, barua ya baba na hukumu ya kadhi, na ada, euro 75 za mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, na muda wa kungoja. Nimesimama mbele ya meza nyingi, huku na huko, na watumishi wake wengi walinitendea kwa adabu. Lakini katika meza zote hizo ni ile ya kadhi tu ambapo mtoto aliulizwa anataka nini. Nyinginezo ziliuliza ana miaka mingapi, ni wa nani, na nani amekubali. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mtu mzima anayehama huhama na azma yake, na mtoto huhama na azma ya mwingine, na hapana hati ambayo ingedhurika kwa kuongezwa mstari mmoja wa neno lake mwenyewe.

Tulisafiri kwa ndege kutoka Unguja kupitia Addis Ababa, tukashuka Frankfurt asubuhi. Mume wangu alikuwa akitungoja na koti la mtoto, nalo lilimkaa sawasawa mabegani na mikononi. Nilipostaajabu aliniambia kwamba vipimo hakuviuliza kwangu, alimwuliza mwenyewe kwa simu, naye akajipima kwa utepe wa fundi cherehani jirani yetu. Binti yangu alilivaa akasema, "Ahsante, ami," na jina hilo la ami, ambalo hakufunzwa na mtu, ndilo analomwita mpaka leo. Treni ilituchukua muda wa saa nne hivi kwenda kaskazini, na tulipokuwa tukivuka mto Elbe kuingia Hamburg, mume wangu alimwonyesha mtoto winchi za bandarini alikokuwa akifanya kazi, na mtoto, aliyezaliwa akiiona bandari ya Malindi, aliziangalia kwa utulivu wa mtu anayekutana na jambo analolifahamu.

Wiki mbili hazipiti kabla ya mgeni kutakiwa aandikishe makazi yake, na shule ni faradhi. Mwanangu aliingizwa katika darasa la matayarisho, ambamo watoto wa Kiafghani, wa Kisiria na wa Kiukraine hufundishwa Kijerumani kabla ya kuchanganywa na wenyeji, na Kurani anaisoma msikitini mtaa wa St. Georg, kisha jioni humsomea bibi yake wa Wete kwa simu, na bibi humsahihisha. Huzuni haikumjia mwanzoni, wakati kila kitu kilikuwa kipya, ilimjia Disemba, pale maghribi inapoingia saa kumi za jioni na mtoto hutoka shuleni mchana ukiwa umebaki kidogo sana. Alipunguza kula, akapunguza kusema, na usiku mmoja akaniuliza kama ile khiyari yake bado ipo. Nilitetemeka, wala sifichi. Lakini nilimwambia ipo, tukampigia baba yake, naye akamwambia angoje likizo, aje Pemba, akae, na baada ya hapo aseme.

Miti ilipoanza kurejewa na majani tulikwenda makaburi ya Ohlsdorf kumzuru Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Alijifungua Aden, akaolewa huko 1867 na kuja Hamburg. Mtoto yule wa kwanza alifariki angali mchanga, watatu waliofuata walizaliwa katika mji huu, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane ugenini. Binti yangu aliniuliza kama alipata kurudi kwao. Nikamwambia alirudi mwaka 1885 pamoja na watoto wake, lakini ndugu yake, Sultani Barghash, alikataa kuonana naye. Mtoto aliyatafakari hayo kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yangu atanipokea."

Tiketi za kiangazi zimekwisha kukatwa. Mimi nitatangulia kurudi kwa sababu ya kazi, na mwanangu atabaki Wete mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Kibali chake cha ukaazi hukoma akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, na jambo hilo nimemweleza yeye na baba yake waziwazi, ili wajue wasaa walio nao. Tiketi za bei nafuu hazibadilishwi tarehe. Ya kwake nilitaka iwe ya kubadilika, au hata kufutwa. Mume wangu aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo, nami naogopa pia, naye akatoa kadi yake ya benki akalipa.