Foleni Iliyohama

Wakati mimi na mke wangu tulipoazimia, mwanzoni mwa karne hii, kuwapeleka wanetu wawili wadogo katika bustani za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, tadbiri yote ya safari ile ilitoshea katika kurasa mbili tatu za daftari la shule, ambalo mke wangu alilifungua juu ya meza ya jikoni mwetu Atlanta, akapiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika masurufu na upande wa pili vitu vya kuchukua; na kabla ya adhana ya isha kazi ilikuwa imekwisha. Sasa binti yetu mkubwa, ambaye siku hizo alikuwa hajajua hata kusoma, anao watoto wake mwenyewe, naye anaiandaa safari ile ile, kwa barabara ile ile, ya kwenda mahali pale pale. Ila maandalizi yake yameanza miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, na kila anipigiapo simu kunipa habari za hatua aliyofikia najikuta nikilinganisha mambo mawili ambayo kwa jina ni jambo moja.

Sisi tulizaliwa Lamu, na huko, katika utoto wetu, furaha ya watoto haikuwa na tadbiri ya namna hiyo, wala isingeweza kuwa nayo, kwa sababu siku ya furaha haikujulikana mpaka usiku wake: watu wazima walipanda madarini mwishoni mwa Ramadhani wakiukagua upande wa magharibi, mwezi ukiandama Idi ni kesho, usipoandama ni kesho kutwa, na mtoto hakuwa na ikhtiyari ila kungoja. Asubuhi tulivishwa nguo mpya, tukapita mtaa kwa mtaa kuwaamkia wakubwa, kila nyumba ikatutia senti mkononi, na senti hizo ndizo zilizolipia bembea na ubuyu na barafu mpaka zikamalizika, tukarejea nyumbani hatudai wala hatudaiwi. Kwa watu waliokulia hivyo, kukaa kitako na kupanga furaha ya mtoto kwa saa na kwa dola lilikuwa jambo geni, na mke wangu, aliyekuwa na busara zaidi yangu katika mambo ya fedha, aliliendea kwa tahadhari kubwa.

Mahali penyewe pana historia inayostahili kutajwa, kwa kuwa ndani yake mna mzizi wa haya ninayoyaeleza. Walt Disney alifungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, mjini Anaheim katika jimbo la California, tarehe 17 Julai 1955. Na alipoona kwamba hoteli na maduka ya watu wengine yamemzunguka kila upande hata hana pa kujipanulia, alinunua huko Florida, kwa siri na kwa majina ya makampuni yasiyojulikana, ardhi ya kiasi cha kilomita za mraba 110, asije akabanwa tena. Hakujaaliwa kuona matunda yake, kwani alifariki Desemba 1966, na Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Florida, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Katika miaka hiyo mgeni alinunua kitabu cha vikaratasi vilivyotiwa herufi, kuanzia A hata E: cha A kilimpandisha katika michezo midogo midogo, na cha E, ambacho hakikuwa kingi kitabuni, kilimpandisha katika ile iliyotamaniwa na kila mtu. Vikaratasi hivyo vilikomeshwa mwaka 1982, tiketi moja ya mlangoni ikatosha michezo yote, na tangu hapo mwenye nacho na asiye nacho, wakiisha kuvuka mlango, walisimama katika foleni moja wakichomwa na jua moja.

Tulipokwenda sisi, maswali yalikuwa machache na majibu yake yalikuwa mepesi. Kitinda mimba wetu alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na kwa kanuni ya pale mtoto wa umri huo haingii kwa fedha, kwa hiyo tukaona ni aula kwenda kabla hajaifikia siku yake ya kuzaliwa. Hoteli tuliichagua nje ya ardhi ya bustani kwa sababu ya bei. Chakula hakikutushughulisha, maana mgeni haruhusiwi tu kunywa na kula vya pale bali pia kuingia na vyake, na mke wangu alifunga sambusa na chapati na mayai ya kuchemsha ya kumlisha mtu yeyote atakayekosa nyama ya halali njiani. Kutoka Atlanta mpaka Orlando ni mwendo wa kilomita 700 hivi. Tulikuwa wasafiri kwa kila kipimo cha sheria, tukakusanya sala za adhuhuri na alasiri penye kituo cha kupumzikia magari, watoto wakikimbizana nyasini, na jioni tukafika.

Lililonipendeza mno kesho yake ni kwamba mtu hakuuendea mlango wa Magic Kingdom kwa miguu. Baada ya kuacha gari ilikuwa lazima ama ayazunguke maji kwa treni ipitayo juu ya reli moja, ama ayavuke kwa pantoni. Sisi, bila ya kushauriana, tulielekea pantoni kama waliozaliwa kisiwani.

Ndani ya bustani mimi nilifanywa tarishi. Zilikuwapo mashine, zilizoanza kutumiwa mwaka 1999, ambazo mtu akitia tiketi yake humtolea kikaratasi chenye saa ya kurudi, naye huenda zake kula au kupumzika, kisha akarudi wakati huo na kupita njia fupi, asilipe hata senti ya ziada. Kazi yangu ilikuwa kuzibeba tiketi zetu, kuikimbilia mashine ya mchezo tuliouchagua, na kurudi kivulini walikoketi mama na watoto. Na kwa kuwa kikaratasi hakikutupa njia hiyo ila kwa mchezo mmoja kwa wakati mmoja, baina ya saa ya kukichukua na saa ya kukitumia tulibaki na wasaa mwingi usio na jina. Binti yetu alipimwa penye mti wa kipimo mbele ya Space Mountain, ambako mtu sharti awe na urefu wa inchi 44, yaani sentimita 112 hivi, akaonekana mfupi, akalia kilio cha aliyedhulumiwa, kisha akamwona tembo arukaye akasahau. Tukaelezwa pia juu ya ada moja ya pale ambayo naihesabu kuwa ya insafu kuliko zote: mzazi mmoja hupanda ilhali mwenzake yuko na mtoto asiyeruhusiwa, kisha hupokezana, na wa pili hapangi foleni upya. Mimi nikapanda. Mke wangu alipofikiwa na zamu yake alisema kwamba haoni sababu ya mtu mwenye akili timamu kujitia gizani kwa hiari yake.

Wasaa ule usio na jina ndio uliotupa Harambe. Katika bustani iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, wamejenga mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki, na msanifu wake mkuu, Joe Rohde, pamoja na wenzake walisafiri Afrika kutafuta mifano, na miongoni mwa mifano hiyo ni Lamu yetu. Tuliingia tukitafuta kivuli, tukasimama. Kuta zilikuwa za chokaa iliyobambuka, vibao vya Kiswahili vilikuwa juu ya milango, paa za makuti na nyasi zilikuwa mahali pake, na katika saruji palitiwa maneno ya uhuru pamoja na mwaka 1961, mwaka ambao ni wa Tanganyika, kwani sisi wa Lamu tuliupata pamoja na Kenya yote mwaka 1963. Mke wangu aliuendea ufa mmoja uliopasua ukuta kutoka juu hata chini, akaupitisha kidole, akaangua kicheko. "Bwana," akaniambia, "kwetu mtu huuza ng'ombe apate fedha za kuziba nyufa, na hawa wamelipa mafundi wazifungue." Kilichopungua, kwa nadhari yangu, ni punda na mitaro. Tulikaa pale muda mrefu, kitinda mimba akiwa amelala katika kigari chake, tukibishana juu ya nyumba ipi imefanana na ya nani. Na mpaka leo, katika safari ile nzima, hilo ndilo tulizungumzalo zaidi, ingawa halikuandikwa katika daftari.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kwa hatua ambazo kila moja, ukiitazama peke yake, ni ya maana. Kuanzia mwaka 2013 na 2014 zilikuja bangili za mkononi zilizokuwa tiketi na ufunguo wa chumba kwa pamoja, na vikaratasi vya mashine vikaondolewa, saa za michezo zikachaguliwa nyumbani siku nyingi kabla ya safari. Oktoba 2018 bei ya tiketi ikaanza kufuata tarehe, siku ya umati ikawa ghali na siku ya upungufu ikawa nafuu. Machi 2020 maradhi yakafunga milango, na ilipofunguliwa tena Julai njia fupi haikuwapo kabisa. Iliporudi, Oktoba 2021, ilirudi ikiwa na bei yake. Tangu Julai 2024 anayelala katika hoteli za mle ndani anaweza kujichagulia na kulipia saa zake siku 7 kabla ya kuwasili, na alalaye nje siku 3 kabla, wote kuanzia saa moja ya asubuhi, kwa simu.

Nimeyatafakari haya, na fikira yangu ni kwamba foleni haikupungua. Imehama. Kama maji ya mvua ambayo ukiyazuia mlango wa mbele huingia kwa uani, ule ungojaji tuliokuwa tukiungoja kwa miguu yetu penye jua umeingia katika nyumba ya binti yangu, ukakaa naye usiku baada ya watoto kulala, akiwa na simu mkononi, akilinganisha tarehe na bei na saa. Na sehemu iliyosalia imeingia mkobani. Fauka ya hayo, mzunguko wenyewe umerudi ulikoanzia, kwa maana baina ya kikaratasi cha E na saa inayonunuliwa kwa simu sioni tofauti kubwa, na ile miaka karibu 40 ambayo wote walisimama pamoja imekuwa kipindi kilichopita katikati.

Hata hivyo siwezi kuungana na wazee wenzangu wanaosema kwamba vijana wamejitia utumwani. Mtoto wa miaka minne hana subira ya saa nzima, na mama anayejua kwamba mwanawe atapanda saa nne na robo, atakula saa sita, na atalala saa nane, amenunua kitu cha thamani ambacho sisi hatukuuziwa. Binti yangu amechagua mwisho wa Januari, jua likiwa halichomi, watoto wengi wakiwa shuleni na bei ikiwa chini. Njia ya kulipia ataitwaa siku ya Magic Kingdom tu, na bustani nyingine wataziendea kwa miguu na subira. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili. Ninachomwomba ni kimoja, nami nimemwomba zaidi ya mara moja: aache baadhi ya saa bila ya kuzijaza. Hunijibu, "Naam, Baba," kwa sauti ya mtu anayemjibu babake.

Juzi alitupigia akiwa amewasimamisha watoto wake mlangoni na kuwapima. Mkubwa amezipita inchi 44, kwa hiyo ataweza kupanda Expedition Everest, ule mlima wa treni ulioko Animal Kingdom. Mdogo zingali zimempungukia nyingi, na mamake alitaka kujua atapokezana vipi na mumewe pasipo kuvuruga saa walizozipanga.

"Huyo niachieni mimi," mke wangu akamjibu. "Nitaketi naye Harambe. Nataka kuona kama ule ufa wamekwisha kuuziba."