Negativu Katika Bahasha ya Mama

Aliyezoea kupiga picha kwa simu ni vigumu kumweleza jinsi filamu ilivyoheshimiwa. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, au 12 tu katika kamera za filamu pana, na kila picha ilikuwa na gharama zake. Ndiyo maana askari aliyeingia studio ya Jinja au Mbale alikuwa amekwisha piga pasi sare na kung'arisha vifungo, na watoto wamepakwa mafuta hata magotini. Mpiga picha alisema, "Tulia," nao wakatulia. Kucheka kulihesabiwa kuwa ni kuharibu filamu.

Leo familia hupiga picha mia katika arusi moja, wala isichapishe hata moja. Simu ikiibwa, arusi nayo imekwenda.

Mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda, mjini Kampala, zilionekana negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za wakati wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Kuanzia 2018 zilianza kunakiliwa kidijitali, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Zilikaa gizani miaka mingi bila kudai umeme wala neno la siri.

Iko familia moja ya Jinja ambayo baba yao alipigwa picha studio mwaka 2007, kabla ya kwenda Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalifika mwezi wa Machi. Hakurudi. Picha alizotuma kwa simu zilipotea pamoja na simu. Ile ya ukutani ililiwa na mchwa. Mama akabaki na bahasha yenye kipande cha negativu. Mwanawe wa mwisho, aliyezaliwa baba ameshaondoka, alipoonyeshwa uso ule mweupe kama chaki, wenye meno meusi, alilia akakataa kuwa huyo ni baba yake.

Jinja hakumpata wa kumsafishia. Akapanda teksi hadi Mbale, kwa mzee mmoja aliyefunga studio yake zamani. Karatasi na dawa zilikuwa zimekwisha. Mzee aliilaza negativu juu ya kioo chenye taa chini yake, akaipiga kwa kamera ya kidijitali ya mjukuu wake, na kompyuta ikageuza weupe kuwa weusi. Ubishi wa kamera ipi ni bora tuwaachie vijana wanaonunua filamu kwa fahari.

Wenye bahasha za namna hiyo wasizifungie katika mifuko ya nailoni. Jinja ina unyevu wa ziwa, na Mbale ina mvua za Mlima Elgon. Negativu ishikwe kingoni, ikae katika karatasi safi, mahali pakavu, mbali na jiko. Juu ya bahasha yaandikwe kwa penseli jina, mahali na mwaka, angali yupo nyumbani mtu anayezitambua sura hizo.