Bristol: Mtaa Ulionyesha Mvua ya Risasi

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: madini ya kijivu yaliyo laini na mazito, na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Sababu yake haifichiki, kwani kwa karne nyingi vitu hivyo vilikuwa kitu kimoja. Msafiri afikaye mji wa Bristol, magharibi mwa Uingereza, mwendo wa kilomita 190 hivi kutoka London, hufika mahali ambapo fundi mmoja aliyapatia madini hayo umbo jipya ndani ya nyumba yake mwenyewe.

MJI WA SHABA NA RISASI

Kando ya bandari ya zamani ya mji huo umeinuka mwamba wa mchanga mwekundu, nao ndio ulioupa mtaa wa Redcliffe jina lake, yaani jabali jekundu. Chini ya mtaa mna mapango yaliyochimbwa na watu waliotafuta mchanga wa kutengenezea vioo. Juu yake limesimama kanisa la St Mary Redcliffe, ambalo mnara wake mrefu huonekana kutoka mbali.

Katika karne ya 18 Bristol ulikuwa mji wa madini. Risasi ilichimbwa katika vilima vya Mendip, kusini ya mji, na shaba ililetwa kutoka Cornwall. Utajiri huo haukuwa safi. Meli za Bristol zilipeleka bangili za shaba, bunduki na risasi Afrika Magharibi, zikabadilishwa kwa watu waliouzwa utumwani, mpaka sheria ya mwaka 1807 ilipoipiga marufuku biashara hiyo.

Wakati huo mwindaji au askari aliweza kujitengenezea risasi nyumbani. Alihitaji chombo cha chuma, moto wa kuni, na kalibu iliyofanana na koleo. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo moto wa jikoni hulifikia. Shaba ni nyingine: yenyewe hudai nyuzi 1,085, na kipande chake kikitiwa katika risasi iliyoyeyuka huelea juu kama kizibo. Kwa hiyo fundi atakaye kuigumisha risasi hutegemea zaidi bati na antimoni; shaba huingia kwa kiasi kidogo mno, tena huingia kwa urahisi ikiwa imekwisha kuchanganywa na bati.

Taabu ilikuwa katika marisawa, zile punje ndogo za kuwindia ndege. Nani angeweza kuzimimina moja moja katika kalibu? Mafundi waliipitisha risasi ya moto katika chekeche, ikadondoka majini kutoka kimo kifupi. Punje nyingi zilitoka zina mikia au zimebonyea, na punje ya namna hiyo haiendi ielekezwako.

NDOTO YA FUNDI BOMBA

William Watts alikuwa fundi bomba, akikaa katika mtaa huo wa Redcliffe. Yasemekana kwamba aliota mvua ya risasi ikimnyeshea, kila tone likiwa mviringo kamili. Wengine husema aliyeota ni mkewe. Ndoto iwe kweli au hadithi, kazi iliyofuata ni kweli. Mwaka 1782 Watts alipewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake.

Alifanya mambo mawili. Kwanza, aliichanganya risasi na aseniki kidogo, sumu ile ile iliyotumiwa zamani kuulia panya, nayo hulisaidia tone kujikusanya na kuwa duara. Pili, alilipa tone nafasi ya kuanguka. Aliinua mnara juu ya nyumba yake, akatoboa sakafu zote, kisha akachimba mwamba hadi mapangoni. Matone yalishuka kiasi cha mita 27, yakijiviringisha na kupoa njiani, yakatumbukia katika maji yakiwa yameshika umbo.

Watts alitajirika, akauza haki zake, na fedha akazitia katika ujenzi wa majumba ukingoni mwa genge la Clifton. Kuta za kuzuia genge zilimeza mali yake, na mwaka 1794 akafilisika. Nyumba yake ilidumu kuliko bahati yake: iliendelea kutoa marisawa mpaka mwaka 1968, ilipobomolewa ili barabara ipanuliwe. Mnara mpya wa zege ulijengwa Cheese Lane, nao ukafanya kazi hadi miaka ya 1990. Leo mnara huo umo katika majengo ya ofisi. Atakaye kuona mnara wa kale na aende Chester, ambako uliojengwa mwaka 1799 ungali umesimama.

Kwa upande wa risasi ya askari, shaba ilipata kazi yake kwa njia nyingine. Bunduki zilipozidi kasi, risasi tupu ilipakaa ndani ya mtutu. Mwaka 1882 ofisa wa Uswisi, Eduard Rubin, aliivika ganda la shaba.

SUMU ILIYOBAKI

Marisawa yaliyotawanyika mabwawani yalikuwa na madhara yake. Bata huyameza wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, wakafa kwa sumu. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1999 sheria ya Uingereza imekataza kuwinda bata kwa marisawa ya risasi.

Binadamu naye hakuepuka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza mara 4 au 5 ya kile akifyonzacho mtu mzima. Moshi wa chungu cha kuyeyushia huibeba, na vumbi la uwanja wa shabaha pia. Askari atokaye shabaha na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, abadili sare kabla ya kumpakata mwanawe, na sare hiyo ifuliwe peke yake. Anayeyeyusha risasi asifanye hivyo jikoni, wala katika sufuria ya chakula.

Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa risasi, maneno hayo ni ya kweli neno kwa neno.