Filme ya Kwetu na Mabishano ya Njiani

Katika mji wetu wa Lubumbashi tuna desturi moja ambayo vitabu vya mila haviandiki: filme haiishi pale taa zinapowashwa. Inaendelea njiani, tukirudi Kamalondo, Kenya ao Katuba kwa miguu. Kesho yake inaendelea ndani ya parsele, ambako yule aliyeiona anawasimulia wale waliokosa feza ya kuingia. Anaongeza, anakata, anaigiza sauti za watu na za bunduki, na wenye kusikiliza wanabisha. Hapo njo tunajua kama filme ilikuwa nzuri.

Kwa kipimo hicho filme nyingi zenye sifa kubwa zinaanguka. Zile za cowboy, za karate na za Wahindi zilitufurahisha sana, watoto wakarukaruka mu barabara, kisha baada ya wiki moja hakuna aliyekuwa na la kuuliza. Lakini mbele ya filme ya kwetu watu wengi, na zaidi wale waliosoma, wanaketi midomo imepinda tayari: sauti itakuwa mbaya, picha itakuwa giza, na mama fulani atalia dakika kumi nzima.

Zarau hii haikuzaliwa jana. Mwaka 1952 Mbelgiji Louis Van Bever, aliyeshughulika na filme za serikali ya koloni, alitoa kitabu kizima juu ya sinema kwa Waafrika. Fikra ya wakubwa wa wakati ule ilikuwa kwamba mtu mweusi anaelewa paka filme nyepesi, inayokwenda polepole. Miaka hiyo hiyo, kule Kasai, padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ili watu wajifunze adabu. Wazee wetu walipenda kicheko kuliko fundisho.

Tukumbuke basi mwaka 1986. Mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa amefundisha hapa mjini miaka ya 1970, aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo maana ya msemo mmoja: mamlaka inaliwa nzima. Mufwankolo ni jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, ambaye kwa miaka mingi alichekesha Lubumbashi kwa Swahili ya hapa hapa. Mtu angetazamia jibu la dakika tano. Kila nyumba inajua kwamba firigisi ya kuku haigawanywi, ni ya mukubwa. Lakini waigizaji hawakupatana. Je, maana yake ni kwamba mufalme mmoja tu anatawala? Ao kwamba mwenye kukamata mamlaka akamate na uzito wake wote?

Badala ya kujibu, walitengeneza mchezo. Hapakuwa na maandishi ya kukariri. Walizungumuza, wakagawana sehemu, wakajaribu, wakabishana tena. Mchezo ukapigwa picha kwa ajili ya televizyo: kijiji ambamo heshima na sheria vinaharibika, halafu utaratibu unarudishwa. Tusisahau ulikuwa wakati wa Mobutu na chama kimoja, na maneno ya mamlaka hayakuwa ya kuchezea. Watu waliozoea kumwona Mufwankolo akichekesha juu ya ulevi na mambo ya ndoa walipewa kitu kizito zaidi, kwa sura ile ile ya kicheko. Mwaka 1990 Fabian alichapisha mazungumuzo yale kwa Swahili yetu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa maoni yetu, mabishano yenyewe yanapita hata mchezo.

Filme ya Baloji inayoitwa Augure, ya mwaka 2023, ilifika ikiwa na sifa tayari, maana ilipewa zawadi Cannes. Hata hivyo woga ulikuwepo. Mwenyewe alizaliwa hapa mwaka 1978, akakomalia Ubelgiji, na jina lake kwetu maana yake ni wachawi. Tulisema: sasa ataenda kuuza uchawi wetu Bulaya. Kumbe amesimama upande wa wale wanaoitwa wachawi, watu wanne, na anatuacha tuone namna jina moja linavyoweza kuharibu maisha. Tuseme ukweli, kuna pahali filme inapotea katika mapambo yake.

Lakini ile iliyotushangaza zaidi ni ndogo: Machini, ya mwaka 2019, ya vijana wawili wa hapa, Frank Mukunday na Tétshim. Ni kama dakika kumi tu. Mtu akielezwa kwamba ni filme ya mawe na chaki anajibu palepale: "Mawe? Si tunayaonaka kila siku?" Na ni kweli, mji huu umejengwa juu ya mawe. Lakini hawa wawili walijifundisha wenyewe kazi ya kusogeza kitu kidogo, kupiga picha, kusogeza tena, kupiga tena. Sinema ya kawaida inapitisha picha 24 kwa sekunde moja. Hata mwenye kutumia nusu yake, dakika kumi zinamuomba picha 7.200. Hapo jiwe linakuwa mtu, anaishi karibu na kiwanda na moshi wake, na polepole mtu naye anakuwa kama machini.

Hakuna kicheko wala ngumi, na bado njiani mabishano yalikuwa makali. Mzee mmoja wa Gécamines, kati ya wale zaidi ya 10.000 walioondoka kazini mwaka 2003, hakuipenda hata kidogo.

"Ile machini batoto banaisema vibaya," alisema. "Miye ilinilishiaka batoto saba. Ilibasomesha."

"Sawa, baba," kijana akamjibu. "Na kikohozi yako, ilitokaka wapi?"

Mzee alikohoa, sijui kwa makusudi. Tulipofika kwa barabara ya Kenya walikuwa bado wanabishana, na mama mmoja ambaye hakuiona filme aliwasimamisha ili waanze kumusimulia tangu mwanzo.