Tupu si sifuri: Bumala hadi Ziwa Kanyaboli kwa baiskeli, miguu na mtumbwi

Wale wanaokuja hapa kwa ajili ya mafunzo ya hifadhidata msiondoke. Leo nazungumzia wanyama, lakini tutaishia kwenye jedwali kama kawaida yetu. Na wale mnaoniuliza kila mara kama huwa natoka nyuma ya kompyuta, jibu lenu hili hapa.

Kwetu ni Bumala. Ukitoka Kisumu kwenda mpakani Busia ni lazima upite hapo, na wengi wanaoijua Bumala wameiona kupitia dirisha la basi tu. Watu wa huku wakitaka kuona wanyama wanachanga pesa za kwenda Maasai Mara, na siku nzima inaisha barabarani kabla hujaona hata swala mmoja. Mimi na binamu yangu tulitaka kitu kingine: siku moja, bila gari, kwenda na kurudi. Baiskeli hadi Kinamasi cha Yala, kisha miguu juu ya tuta, kisha mtumbwi ndani ya Ziwa Kanyaboli. Mnyama tuliyemfuata ni nzohe, ambaye wengi wanamjua kwa jina la sitatunga. Ni swala anayeishi majini.

Baiskeli

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilikuwa na baiskeli ya gia. Binamu alikuja na ile yake nyeusi ya chuma isiyo na gia, yenye kiti cha sponji nyuma. Kwa miaka mingi alibeba abiria nayo pale Busia, hadi pikipiki zilipomwondoa barabarani.

Kwa wasomaji wa mbali: neno bodaboda lilizaliwa huku kwetu. Kuanzia miaka ya 1960 watu wa Busia walibeba abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, kutoka mpaka hadi mpaka, na wenzao wa Malaba wakaijua kazi hiyo hiyo. Leo dunia nzima inadhani bodaboda ni pikipiki. Binamu akisikia hivyo hukasirika kidogo, na mimi simlaumu.

Barabara inateremka kusini kutoka Bumala hadi Ruambwa kwenye daraja la mto Nzoia. Kwenda ni raha kwa sababu uwanda wote unashuka kuelekea ziwa. Mto wenyewe ni wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo kutoka Cherangani na Mlima Elgon. Upande wa Budalang'i kuna matuta ya kuzuia mafuriko, na watu wa pale wanajua vizuri siku tuta linapokatika inakuwaje. Kabla ya daraja tulisalimiwa "mulembe". Baada ya daraja, njia ya Nyadorera, ikawa "oyawore". Ndani ya gari hutasikia salamu hata moja, kwa hivyo hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchukua baiskeli.

Kwenye saa tatu na nusu tulikuwa upande wa Kadenge, jasho limekauka mgongoni na kuwa chumvi.

Miguu

Baiskeli tuliziacha kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na mandazi, tukapanda juu ya tuta. Huku mkono mmoja kuna mashamba, mkono wa pili kuna mafunjo marefu kuliko watu wawili waliosimamiana mabegani.

Kinamasi cha Yala kina ukubwa wa hekta 17,500 hivi, na ndani yake kuna maziwa madogo matatu: Kanyaboli, Sare na Namboyo. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ilikausha sehemu ya hekta 2,300 kwa kilimo. Mto Yala ukaelekezwa kwingine, na Kanyaboli ikabaki nyuma ya tuta. Mwaka 2003 ikaja kampuni ya Dominion kutoka Marekani kulima mpunga, na baada ya miaka kumi na kitu ikaondoka. Katikati ya hayo, mwaka 2010, Ziwa Kanyaboli likatangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa. Kwa hivyo unapotembea juu ya tuta lile unatembea juu ya mjadala ambao haujaisha: hili ni shamba au ni makazi ya wanyama? Na wanawake tuliowakuta wakikata mafunjo ya kusuka mikeka wana jibu lao la tatu.

Tulitembea polepole, na ukweli ni kwamba tulisikia zaidi ya tulivyoona. Kuna ndege mmoja anayeitwa gonoleki wa mafunjo. Kifua chake ni chekundu, mgongo mweusi, kichwani ana kilemba cha manjano. Ungedhani rangi zote hizo zingemfanya aonekane maili moja. Hapana. Anaishi ndani ya mafunjo, katika vinamasi vya eneo hili la Ziwa Victoria na jirani zake, na wakiwa wawili huitikiana kama watu wanaopokezana wimbo. Tulimsikia mara nne. Tulimwona mara moja, kwa muda wa kupepesa jicho.

Mtumbwi

Mzee wa mtumbwi tulimpata ufukweni akikunja nyavu. Tulipatana bei kwanza, tukavaa makoti ya kuelea, tukaingia. Sisi tulimwita Jaduong', yeye akatuita wanangu.

"Jaduong', nzohe tutamwona?" binamu akauliza.

"Saa hizi? Mngekuja jua likiwa bado halijatoka, wanangu. Saa hizi amelala ndani."

Kwato za nzohe ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana anatembea juu ya tope na mafunjo yaliyolala bila kuzama. Akiogopa huingia majini na kubaki ameacha pua tu nje. Hebu fikiria kumtafuta mnyama wa namna hiyo, mchana, kwenye mafunjo yasiyo na mwisho.

Jaduong' alitupeleka polepole kando ya mafunjo, kafi halitoi sauti. Akatuonyesha vitu ambavyo peke yetu tungevipita: mahali vichwa vya mafunjo vimeliwa, njia nyembamba iliyofunguliwa katikati ya matete, na kwenye tope alama mbili ndefu zilizochongoka kama ncha za mikuki. Alama hizo zilikuwa mbichi, maji yalikuwa bado yanaingia ndani yake.

"Huyu amepita leo," akasema. "Mimi nilimwona wiki jana, hapo hapo, mke na mtoto."

Tulikaa pale muda mrefu. Furukombe alilia juu yetu. Nzohe hakutoka.

Tukirudi ufukweni alituonyesha samaki wake, na mmoja wao alikuwa ngege. Vijana wa huku mnaweza kumpita bila kumtazama, kwa hivyo naeleza. Ngege huyu wa asili ndiye aliyekuwa samaki wa mezani wa Ziwa Victoria kwa wazee wetu. Miaka ya 1950 watu walimleta mbuta na sato wa kigeni katika ziwa kubwa, na kadiri miaka ilivyokwenda ngege akatoweka humo. Hapa Kanyaboli, nyuma ya mafunjo, amebaki. Sisi waandishi wa programu tuna neno la kitu kama hicho: nakala ya akiba. Ziwa dogo limehifadhi kile ambacho ziwa kubwa limefuta.

Jedwali

Sasa tufike kwenye mambo yetu.

Ndege tuliowaona na kuwasikia nilikuwa nawaandika kwa ajili ya Kenya Bird Map, mradi ulioanza mwaka 2013. Umegawa nchi yote katika miraba ya dakika tano kwa dakika tano za ramani, yaani kama kilomita 9 kila upande. Ili orodha yako ihesabiwe kuwa kamili, unatafuta ndege katika mraba mmoja kwa jumla ya saa mbili au zaidi, na unaandika kila aina uliyoona au kusikia. Hapo ndipo penye ujanja. Ukishaahidi kwamba umeandika kila aina, basi aina ambazo hukuandika nazo zinakuwa taarifa. Orodha kumi zikitumwa kutoka mraba mmoja na gonoleki akawa katika saba, kiwango chake ni asilimia 70. Na kama hakuna aliyetuma orodha? Unagawanya sifuri kwa sifuri, na kila mwandishi wa programu anajua kinachofuata.

Ubishi ulianza kwa nzohe. Yeye si ndege, kwa hivyo nilimfungulia jedwali langu mwenyewe kwenye simu.

"Andika moja," binamu akaniambia. "Mzee amemwona wiki jana."

"Mimi sikumwona leo."

"Sasa utaandika nini, sifuri? Mgeni akisoma sifuri atakuja huku kufanya nini? Na yule anayetaka kinamasi kiwe shamba akisoma sifuri, si umempa ruhusa?"

Msimcheke. Binamu anataka kubeba wageni kwa baiskeli kutoka Bumala hadi hapa, ni kazi anayoiweza kuliko mtu yeyote, na swali lake lina uzito. Nimeona ripoti na ramani nyingi kazini kwangu, na najua zinavyosomwa. Mahali ambapo hakuna aliyejaza kitu, msomaji huona weupe, na weupe ule huusoma kama "hakuna kitu". Ndivyo kinamasi kinavyogeuka kuwa ardhi tupu katika makaratasi, huku watu wanavua, wanasuka mikeka, na nzohe ananyonyesha humo.

Wanafunzi wangu mnakumbuka somo la NULL katika SQL. Sifuri ni jibu: tulihesabu, tukapata sifuri. NULL ni kutokuwa na jibu. Ukiuliza hifadhidata ikupe mistari ambayo idadi ni sifuri, ile ya NULL haitakuja, kwa sababu mashine yenyewe inakataa kuchanganya vitu hivyo viwili. Binadamu ndiye anayevichanganya.

Kuandika moja ya uongo nako kuna hasara yake, na nilimweleza binamu hivi: tukizoea kuandika moja ili kumfurahisha mgeni, siku nzohe atakapopungua kweli jedwali litaendelea kusema yupo. Hakuna atakayeshtuka kwa wakati. Tutakuwa tumemfukia kwa mikono yetu.

Kwa hivyo tulikaa pale kwenye mandazi tukalitengeneza jedwali upya, watatu sisi. Safu zake ni hizi: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali, kwa mguu au mtumbwi, idadi walioonekana, dalili, na nani ameona. Mstari wetu unasema tulitafuta mchana kwa mtumbwi, walioonekana 0, dalili: kwato mbichi na mafunjo yaliyoliwa. Mstari wa wiki jana ni wa Jaduong', kwa idhini yake: walioonekana 2, mke na mtoto. Saa ya kuanza na kumaliza hakuzikumbuka, tukaziacha tupu.

Binamu alisoma mistari yote miwili, kisha akasema, "Hii mgeni akiisoma anajua aje alfajiri." Ndiyo hasa. Sifuri yenye saa na mahali inakuambia kitu cha kufanya.

Tulianza kurudi saa tisa. Ule mteremko wa asubuhi ulikuwa sasa ni mlima, na yule wa baiskeli isiyo na gia ndiye aliyenisubiri juu ya kila kilima. Giza lilitukuta tukiona taa za malori ya Bumala.

Ukitaka kwenda

1. Kama shabaha yako ni nzohe, lala mji wa Siaya au karibu zaidi, uwe majini kabla ya jua. Ukitoka Bumala asubuhi hiyo hiyo, jiandae kwa ndege na alama za kwato.
2. Beba maji ya kutosha, kofia, tyubu ya akiba na pampu. Jua la uwanda ule halina huruma.
3. Patana bei ya mtumbwi kabla ya kupanda, na usipande bila koti la kuelea. Muulize mwenye mtumbwi kuhusu viboko, naye akisema turudi, rudini.
4. Usiingie kwenye mafunjo kwa miguu. Sehemu nyingine unayodhani ni ardhi ni mizizi inayoelea juu ya maji.
5. Ukikosa nzohe kabisa na moyo haukubali, kuna Hifadhi ya Saiwa Swamp karibu na Kitale, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili yake hasa. Kuna majukwaa ya mbao ya kumtazamia.
6. Andika ulichoona, na pia saa ulizotafuta bila kuona.

Anayetaka muundo wa jedwali letu aniandikie nitamtumia, ni faili dogo tu. Tayari lina mistari mitatu: Jaduong' amemtuma mjukuu wake aongeze mmoja. Alfajiri, mtumbwi, walioonekana 1.